Namba 31 kwenye Mlango wa Mbele

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimefunga maji. Juu ya paa kuna vyungu 112 na hakuna kitakachopata tone mpaka mvua zipite. Katika miaka kumi na moja nimepoteza mimea sitini na miwili: minne kwa kiu, hamsini na minane kwa maji.

Nilipopanda asubuhi nilikuta kamba tatu za nguo zimefungwa kutoka tangi la maji mpaka nguzo ya antena, na mashuka ya wifi yanachuruzika juu ya trei ya miche. Wifi ni dada wa mume wangu, fundi cherehani. Anaishi chini na mama yao, mwenye nyumba. Mimi na mume wangu tuko ghorofa ya juu. Paa ni la wote, maana yake ni la atakayewahi.

Nilifungua kamba, nikakunja mashuka kona kwa kona, nikayaweka kwenye kizingiti chake, asiwe na la kusema.

Alisema. "Wifi, kumbe unajua kukunja! Basi njoo Jumatatu, nina robota zima."

Jumanne, 5 Machi

Joto. Mawingu yamekusanyika na kutawanyika. Kamba zimerudi.

Jumamosi, 9 Machi

Safu yangu imetoka. Siku nyingine naripoti mahakama. Jumamosi wananiachia robo ukurasa niandike juu ya kaktasi na mimea mingine inayohifadhi maji mwilini, kwa sababu hakuna mwingine aliyeiomba robo hiyo.

Kinyozi mmoja alituma picha ya mmea wake ulio pembeni ya kiti cha wateja. Aliuita kaktasi. Nimemjibu gazetini: si kaktasi. Tazama mwiba unapotokea. Kaktasi ina kifundo kidogo cha sufi, mfano wa kitufe, na miiba yote huchipuka humo. Wako hauna sufi. Miiba inatoka miwili miwili juu ya ukingo, kama pembe. Ukibaki na shaka, uchome sindano. Ukitoa utomvu mweupe, huo ni wa maziwa. Usiushike kwa mkono mtupu. Maziwa yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo. Na aliyekuuzia kwa jina la kaktasi, mrudishie pamoja na kopo lake.

Mhariri amesema nimekuwa mkali. Nimemwambia kinyozi anashika nyuso za watu siku nzima.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza, saa tisa mchana, dakika arobaini. Turubai nililotanda juu ya vyungu limehimili isipokuwa kona ya tangi.

Ilipokatika Mama alipanda. Mama mkwe ana miaka sabini na minne na ngazi ya nyuma ina vidato thelathini na nane; hupumzika kwenye cha ishirini akijifanya anakagua rangi ya ukuta. Anakuja kwa ajili ya mbegu. Mbegu za kaktasi ni ndogo kama ugoro, na mimi siku hizi naziona kwa mafungu tu. Yeye hulifumba jicho la kushoto, lenye mtoto wa jicho tangu zamani, na kwa la kulia anazitenga moja moja kwa ncha ya kijiti kilicholowa. Jicho hilo lina kazi mbili. Asubuhi linamtungia binti yake uzi kwenye sindano, ishirini au thelathini, zichomekwe kwenye mto zikisubiri, maana wifi ana miaka hamsini na haoni tundu. Jioni linanitengea mimi mbegu.

"Mwenzio anasema miiba yako inamchania vitambaa," alisema.

"Vitambaa vyake vinafuata nini kwenye miiba yangu?"

"Hayo mtajuana. Mimi ni wa kutunga uzi."

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Kamba ziko tupu. Angalau hilo.

Jumamosi, 23 Machi

Namba 58 kwenye daftari langu la mimea imeoza, na 70, na 71. Kuoza huanza chini pasipoonekana. Mmea unabaki umesimama, wa kijani, siku ukiugusa unang'oka kama kofia. Nimekata kwa kisu kilichofutwa spiriti, vipande vyembamba, mpaka nyama ikawa nyeupe bila pete ya kahawia. Sehemu nzima zilizobaki nimezipaka unga wa mdalasini na kuziweka rafuni zikauke. Ya 58 haikuwa na nyama nyeupe popote. Nimeandika tarehe na kuitupa.

Wifi alikuwa kwenye ngazi nikishuka na ndoo ya taka.

"Pole na msiba," alisema.

Nilimpita na ndoo yangu. Nina hakika alifurahi, na nina hakika alitaka nijue.

Ijumaa, 29 Machi

Mawe hai ni mimea midogo inayofanana na kokoto, kila mmoja una majani mawili tu. Majani mapya hukua ndani ya yale ya zamani na kuyanyonya. Ya zamani yanasinyaa, na asiyejua anadhani mmea una kiu. Ukiumwagia maji wakati huo, unapasuka.

Nilikuwa nayo kumi na tisa. Nimerudi kutoka kazini nikakuta kumi na moja yamepasuka, na udongo wa trei umelowa ingawa turubai ni zima.

Nilimfuata wifi. Alikuwa anapiga pasi gauni la harusi.

"Nani amemwagia maji trei yangu?"

"Mimi. Yalikuwa yamesinyaa, nikayahurumia. Nimeyapa kikombe kimoja kimoja."

"Umeyaua."

"Kwa maji?" Alicheka, kisha akaona sicheki. "Sasa si ungeniambia, wifi? Lakini wewe mtu humwambii kitu, unasubiri akosee umwandike. Na ukiambiwa husikii."

"Ukiona kitu changu, usikiguse."

"Basi usikiweke kwenye paa la mama yangu."

Simwamini juu ya hiyo huruma. Kikombe kimoja kimoja, kwa mimea kumi na tisa, ni kazi ya mtu mwenye nia.

Mume wangu aliulizwa yuko upande gani. Alisema ana njaa.

Jumatano, 3 Aprili

Turubai limepasuka kwa upepo. Nimelishona mwenyewe kwa sindano ya magunia, mishono mibaya. Fundi yuko ngazi mbili chini. Sikumwita.

Jumanne, 9 Aprili

Naandika kwa mpangilio wa saa.

Saa kumi na moja na dakika tano jioni: upepo, kisha mvua kubwa. Umeme ulikatika. Mahakama iliahirishwa mapema, nilikuwa nyumbani.

Saa kumi na moja na dakika kumi: kishindo mlango wa mbele. Pale kuna mmea wa nguzo, urefu futi tisa, ndani ya pipa la plastiki. Wateja wa wifi huusifu. Ulitokana na kipande nilichompa miaka minane iliyopita, tulipokuwa bado tunapeana vitu. Kwenye daftari langu la mimea ni namba 31, kaktasi ya nguzo. Mimi hutumia ngazi ya nyuma na sipiti pale. Upepo uliuvunja ukaanguka kwenye mlango, ukakatika vipande vitatu. Mama alikuwa karibu. Aliburuta vipande kwa mikono afungue njia, kisha akajifuta jasho usoni.

Saa kumi na moja na dakika ishirini: nilifika chini. Mama alikuwa kwenye kiti cha cherehani, ameshika jicho la kulia kwa viganja viwili. Alikuwa anasema neno moja tu, "Linawaka, linawaka." Wifi alikuwa na jagi la maji mkononi.

"Inua kichwa, Mama, nikuoshe."

"Usimwagie," nilisema.

"Ni maziwa ya huu mti! Yanaunguza!"

"Kaktasi haina maziwa. Ni miiba midogo kama nywele. Ukimmwagia akafumba jicho, inazama."

"Wifi, nimeyaona kwa macho yangu!"

"Umeona maji ya mvua yanang'aa gizani."

Nilimshika mkono. Jagi lilianguka. Nilichukua kibano na tochi ya simu nikatafuta miiba kwa robo saa, kope za juu, kope za chini, Mama akitetemeka. Sikuona mwiba. Nilisema ni midogo mno kwa tochi hii. Nikalifunga jicho kwa kitambaa safi. Mvua haikuruhusu gari kutoka. Barabara ya chini ilikuwa imejaa maji.

Nilikuwa mtulivu. Miaka ishirini na sita mahakamani nimeona kwamba anayepiga kelele mara nyingi ndiye asiyejua. Wifi alikuwa anapiga kelele.

Jumatano, 10 Aprili

Kliniki ya macho, saa mbili asubuhi. Daktari ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini.

"Mmea gani?"

"Wa maziwa," alisema wifi.

"Kaktasi," nilisema. Tulijibu kwa pamoja.

Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Nani kati yenu anaijua mimea?"

Mume wangu, aliyetuleta kwa gari, akajibu kabla yetu: "Mke wangu anaandika gazetini habari za mimea hii."

"Una uhakika?" daktari aliniuliza.

"Nina uhakika."

Akaandika kaktasi. Alizigeuza kope, akatafuta miiba chini ya darubini kwa dakika ishirini na tano. Hakupata hata mmoja. Ametoa marhamu, amefunika jicho, turudi Ijumaa saa nne.

Ndani ya gari wifi hakusema neno. Nilihesabu hilo kuwa ushindi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mama hajala. Anasema jicho lina moshi. Maumivu yamezidi. Mvua milimita 61 kwenye kopo langu la kupimia.

Ijumaa, 12 Aprili

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi nilishuka na kamera hadi mlango wa mbele. Nilitaka picha za namba 31, za karibu, ili nimwonyeshe daktari na kumaliza ubishi wa wifi.

Vipande vilikuwa vimesukumwa ukutani. Kisiki kilikuwa bado ndani ya pipa. Nilichuchumaa. Kingo tatu. Nilipitisha macho kwenye ukingo wa kwanza kutafuta vifundo vya sufi. Hapakuwa na sufi. Ukingo wa pili, wa tatu. Miiba ilitoka miwili miwili, kama pembe. Kwenye vigae kulikuwa na michirizi myeupe iliyokauka, mithili ya rangi ya ukutani, mpaka kwenye alama za miguu ya Mama.

Mto wa sindano wa wifi ulikuwa kwenye dirisha. Nilichomoa sindano moja, ya uzi mweusi, aliyoitunga Mama kabla ya Jumanne. Nikachoma kisiki. Maziwa yalitoka kabla sijaivuta.

Maelezo ni haya. Kipande cha kwanza nilikinunua nikiwa na miezi miwili tu katika kutunza mimea hii. Muuza maua alikuwa ameandika "kaktasi" kwenye kopo kwa kalamu nene. Sikujua tofauti. Nilinakili neno lake kwenye daftari nikalipa namba, na mwaka wa tatu nikampa wifi tawi, na mwaka wa nne mmea mama ukafa kwangu. Tangu hapo nimewajibu wasomaji zaidi ya mia tatu wachome sindano. Huu sikuuchoma kwa sababu ulikuwa na namba.

Wifi alitoka na kitambaa kichwani. Aliiona sindano, akaona maziwa yanateremka kwenye kisiki.

"Tumpeleke sasa hivi," nilisema. "Tusingoje saa nne."

"Kwa nini?"

"Ni maziwa."

Nilisubiri aseme. Aliingia ndani kumtafutia Mama viatu.

Daktari hulala ghorofa ya chini ya kliniki, kwenye vyumba vya wauguzi. Alifungua mlango saa moja na dakika arobaini. Aliosha jicho kwa chupa nne za maji ya chumvi, akabadilisha dawa zote. Alipomaliza aliuliza, akiwa ameshika kalamu: "Toka yaingie mpaka kuoshwa, muda gani?"

"Saa sitini na mbili," nilisema.

"Nyumbani hapakuwa na maji?"

Wifi alitazama dirisha.

"Yalikuwepo. Tulidhani ni miiba."

"Hata ingekuwa miiba, maji hayadhuru. Nani aliwaambia msioshe?"

"Mimi."

Akaandika na hilo.

Jioni nilitoa shajara za zamani kwenye sanduku. Nilijua ninachotafuta, maana lile la wifi, kwamba nikiambiwa sisikii, halikuwa limetoka hewani. Miaka saba iliyopita, mwezi wa Juni, mwandiko wangu: "Wifi anadai tawi la 31 limetoa maziwa na kumuunguza kidole. Nimemwambia ni maji ya kawaida ya mmea, na kidole ni pasi yake. Anapenda kujifanya anajua." Mistari mitatu. Siku hiyo nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya chungu kilichopasuka.

Jumapili, 14 Aprili

Matone kila saa mbili. Wifi anatia ya mchana, mimi ya usiku. Tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwambia mhariri safu isimame.

"Wasomaji hawajalalamika," alisema.

"Hawajui."

Jumapili, 21 Aprili

Kikao sebuleni kwa Mama. Mjomba wao, karani mstaafu, alikaa kiti cha katikati. Alikuwa ameandika ajenda. Ajenda ilikuwa mimi.

Nilisema bila kuzunguka: mmea ulitoka kwangu, niliutambua vibaya, nikampa daktari jina lisilo lake, na wifi alinionya juu ya mmea huo miaka saba iliyopita. Niliwasomea ile mistari mitatu. Mume wangu alikuwa anatazama vidole vyake.

Mjomba alitaka vyungu vyote vitoke mwisho wa mwezi. Mama, jicho limefunikwa, akainua mkono.

"Ya maziwa itoke. Mingine ibaki."

"Dada, huyu mtu amekutia upofu!"

"Sijawa kipofu, nakuona umenenepa. Ukimnyang'anya miiba yake, atakaa na nani? Na mimi?"

Mjomba akamgeukia wifi. "Na wewe? Ulikuwa hapohapo. Mama yako anaungua, wewe unafanya nini?"

Wifi alinitazama mimi.

"Umemaliza kusema?" aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo."

Akasimama, akaenda jikoni, hakurudi tena mpaka mjomba alipoondoka.

Jumamosi, 27 Aprili

Vimebaki vyungu 94. Nimechoma kila mmea ambao sikuuotesha mwenyewe kwa mbegu, ule wenye namba na ule usio na namba, nikiwa na glavu na miwani ya fundi wa kuchomelea. Tisa ina maziwa. Minane kati yake nilijua. Wa tisa niliuita kaktasi tangu mwaka wa pili.

Nimeipeleka yote tisa kwa mwalimu mmoja wa biolojia, na karatasi ya maelezo. Kisiki cha mlango wa mbele wifi alikikata mwenyewe kwa msumeno, akakifunga gunia. Nilimwambia nitamsaidia kubeba. Alisema, "Pisha njia."

Ijumaa, 3 Mei

Daktari ameondoa kifuniko. Kovu limebaki kwenye kioo cha jicho, katikati. Mama anaona mlango, anaona rangi, anatujua kwa sura tukiwa hatua tatu. Hataona tundu la sindano. Aliuliza je, kwa miwani? Daktari alisema miwani haiondoi kovu.

Jumanne, 7 Mei

Manyunyu tu. Nilipita mlango wa mbele. Siku hizi napita hapo. Mama alikuwa dirishani na sindano na uzi mweupe. Alijaribu, akalamba uzi, akajaribu. Nilisimama dakika tisa. Wifi aliichukua sindano mkononi mwake taratibu.

"Acha, Mama. Nina kidude cha kutungia, wameniletea kutoka dukani."

Hana. Baadaye nilimsikia akimwomba mteja amtungie, akicheka kana kwamba ni utani, na mteja naye akimuuliza kwa kutania mbona fundi mzima hajui kutunga uzi.

Mbegu za mwaka huu ziko kwenye bahasha. Sijaomba mtu.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya tano bila mvua. Asubuhi nilitoa turubai na kuanza kuipa mimea maji, kikombe nusu, nikianza na iliyo karibu na tangi.

Wifi alipanda. Sikuwahi kumwona juu bila nguo mkononi. Alisimama kwenye ngazi akipumua, kisha akaja mpaka kwenye trei ya mawe hai. Yamebaki manane, majani mapya yamefunguka.

"Haya ndiyo niliyoyapa maji?"

"Haya ndiyo yaliyopona."

"Yalikuwa yanatia huruma, wifi. Nilikuambia kweli."

Nilisema sasa naamini. Hakuonekana kujali.

"Nimekuja kwa shida moja. Umemwambia daktari. Umemwambia mhariri wako. Umesema mbele ya mjomba. Kote huko umesema ulikosea mti."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Mti nakusamehe. Mtu yeyote anaweza kukosea mti. Lakini mimi nilikuwa na maji mkononi. Kwenye jagi. Sasa nikienda sokoni naulizwa, mama yako aliungua ukamwangalia? Mjomba kaniuliza mbele yako, ulikuwa unafanya nini, na wewe umenyamaza kimya. Una habari kwamba hajanipigia simu tangu siku ile?"

"Sikuwa na habari."

"Wewe ndiye wa habari." Aliketi juu ya tofali. "Basi andika. Si ndiyo kazi yako? Andika ilivyokuwa, na saa uweke, na utie sahihi. Nitampelekea mwenyewe."

Nilichana karatasi nyuma ya daftari la mimea. Niliandika hivi: "Tarehe 9 Aprili, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, mama mkwe wangu alikuwa ameingiwa na utomvu jichoni. Binti yake alikuwa na jagi la maji na alitaka kumwosha. Alisema ni maziwa ya mmea na kwamba ameyaona. Nilimkatalia. Nilimshika mkono, jagi likaanguka. Jicho halikuoshwa mpaka baada ya saa sitini na mbili. Uamuzi wa kutoosha ulikuwa wangu peke yangu." Nikatia sahihi.

Aliishika karatasi mbali na uso, mkono umenyooka, akasoma akisogeza midomo. Alifika karibu na mwisho akarudi.

"Hapa," alisema, kidole juu ya mstari. "'Nilimshika mkono.' Si kweli."

"Nini si kweli?"

"Hukunishika. Ulinisukuma. Nilipiga mgongo kwenye cherehani, gurudumu lile la pembeni, wiki mbili nalala kifudifudi. Mama hakuona, lakini alisikia."

Nilifungua shajara hii kwenye tarehe 9. Imeandikwa nilimshika. Niliiandika jioni ileile, na saa zote ziko sawa, nimezihakiki. Jagi lilikuwa kubwa, la lita mbili, na lilifika mpaka chini ya meza ya kukatia, upande wa pili wa chumba. Halingefika huko kwa mtu kushikwa mkono. Na nakumbuka viganja vyangu vyote viwili vilikuwa vitupu, vimenyooka mbele.

Ukurasa wa tarehe 9 nimeuacha ulivyo. Kwenye karatasi nilikata neno kwa mstari mmoja, lisomeke bado, nikaandika juu yake: nilimsukuma. Nikatia sahihi mara ya pili pembeni ya sahihisho.

Wifi aliichukua, akaisoma tena yote.

"Twende chini kwanza," alisema. "Umsomee Mama. Mwenyewe hawezi."

Alitangulia. Mama alikuwa kitandani ameegemea ukuta, uso kwenye mwanga wa mlango. Wifi alimwambia nina karatasi ya kumsomea, akasimama nyuma yangu karibu na cherehani. Nilisoma kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosoma hukumu kwa mhariri kwenye simu. Nilipofika kwenye lile neno Mama aliinua kidole.

"Hapo," alisema. "Rudia hapo."

Nikarudia.